Kwa Nini Muuzaji Hugeuza Uso Wakati wa Namba

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa chai. Namkunda aliimimina, akaweka kikombe upande wa kushoto wa mumewe kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka thelathini na minne, kwa sababu mumewe huyo, mwalimu Mbonea, aliandika kwa mkono wa kulia na hakupenda kikombe kikae karibu na daftari. Chai kidogo ilimwagika mezani. Mwalimu alisogeza karatasi zake. Namkunda aliifuta kwa ncha ya kanga, akasema mkono umelala, na wote wawili wakaendelea na asubuhi yao.

Mmeniuliza kwa nini yule dada wa dukani aligeuza uso tulipokuwa tunalipa, na kwa nini mtu hufunika mkono wake kwa mkono wa pili anapobonyeza namba, na kwa nini mashine humpa mtu nafasi tatu. Kila mji una maelezo yake. Katika mji wetu wa mlimani, yote matatu yanatoka katika siku ile ya chai.

Wakati huo watu hawakulipa kwa namba. Kadi ya benki ya mtu ilikuwa na mkanda mweupe mgongoni, na juu ya mkanda huo mwenyewe aliandika sahihi yake siku alipopewa. Alipokwenda dukani, muuzaji aliiweka kadi chini ya karatasi ya kaboni, akaikandamiza kwa chuma, kisha akampa mnunuzi kalamu. Mnunuzi aliandika sahihi yake kwenye karatasi, na muuzaji akazilinganisha mbili hizo. Zikifanana, alisema, "Mkono ni wako." Mnunuzi alijibu, "Ni wangu," akachukua vitu vyake. Hakuna aliyeondoka bila kuambiwa maneno hayo. Mtu angeweza kukaa wiki nzima bila kutembelewa na yeyote, lakini akienda kununua chumvi, kulikuwa na mtu wa kumtazama na kumthibitishia kwamba yeye ni yeye.

Duka kubwa lilikuwa la Sempoli, kwenye kona ambapo barabara inageuka kuelekea bondeni. Sempoli alijua mikono ya mji mzima na alijivunia ujuzi huo. Alikuwa na kioo cha kukuzia maandishi, mpini wake wa pembe, na kila sahihi aliitolea neno. Ya fundi seremala aliiita msumari uliopinda. Ya mwalimu Mbonea, iliyokuwa ndogo na imenyooka, aliiita foleni ya wanafunzi. Ya Namkunda aliipenda kuliko zote: N kubwa kama lango, herufi nyingine zikiingia ndani yake moja baada ya nyingine, na mwishoni mstari uliorudi nyuma chini ya jina zima, kama komeo. "Mama Niwaeli akishafunga," alikuwa akisema, "hata mimi siingii."

Aliweka pia sheria yake mwenyewe. Zamani mpita njia mmoja aliwahi kumdanganya kwa sahihi ya kuiga, na tangu hapo alimpa kila mtu karatasi mbili tu. Ya kwanza ikikosewa, mnunuzi aliandika ya pili. Ya pili ikikosewa, vitu vilirudi rafuni. Siku moja alimrudisha mama mkwe wake na kilo mbili za unga, na mji ukacheka mwezi mzima, ingawa kwenye kucheka kule kulikuwa na heshima. Watu walisema kwa Sempoli hakuna shemeji.

Nyuma ya kaunta, chini ya kitambaa, kulikuwa na sanduku ambalo halijafunguliwa. Lililetwa na binti wa benki aitwaye Nakiete, na ndani yake kulikuwa na mashine yenye vitufe vya namba. Nakiete alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba kila mtu angechagua namba yake ya siri na kuacha habari za kalamu. Watu walimkaribisha, wakampa ndizi, wakamwambia namba ni ya gari na ya mfungwa. Sempoli alilipokea sanduku kwa adabu, akalifunika.

Siku ile ya chai, Namkunda alitaka uzi wa sufu wa rangi ya damu ya mzee. Alikuwa anamfumia mumewe sweta, kwa sababu baridi ya Julai ilikuwa inakuja, na ulibaki mkono mmoja. Uzi alinunua kwa kadi yake mwenyewe. Ufumaji ulikuwa kazi yake na hakupenda mtu auguse, hata kwa kuulipia. Mwalimu alimsindikiza kwa kuwa alihitaji betri za redio.

Sempoli aliweka donge la uzi kwenye kaunta, akakandamiza kadi, akatoa kalamu. Namkunda aliandika. Sempoli aliinua kioo chake.

"Mama Niwaeli, leo umeandika ukiwa juu ya pikipiki?"

Waliokuwa foleni walicheka, na Namkunda alicheka nao. Akapewa karatasi ya pili. Safari hii aliandika polepole, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Lango liliangukia upande. Komeo lilianza, likaishia njiani.

"Nipe ya tatu, Bwana Sempoli," alisema. "Mkono umelala tu."

Kila mtu kwenye foleni aliijua sheria. Sempoli hakutaka kumkatalia. Hilo alilisema baadaye na mimi ninamwamini. Alitafuta njia ya kutokea, akaiona. Alimgeuzia mwalimu zile karatasi mbili na kadi, akampa na kioo.

"Mwalimu, wewe ndiye unayeujua mkono huu. Huu ni mkono wa mama?"

Alichotakiwa kusema ni ndiyo, na kila aliyekuwepo alilijua hilo. Lakini mwalimu Mbonea alikuwa amesomea hesabu chuo kikuu na kusahihisha mitihani kwa miaka thelathini, na alikuwa na sifa ya kumtambua mwanafunzi aliyenakili kwa mkunjo wa tarakimu moja. Alichukua kioo. Alitazama karatasi ya kwanza, ya pili, kisha kadi. Aliutazama kila mstari, na muda wote huo hakuinua macho kumtazama mkewe aliyekuwa amesimama pembeni yake, akiwa bado ameushika mkono mmoja kwa mwingine.

"Haifanani," alisema.

Kisha akatia mkono mfukoni kutoa kadi yake. Namkunda aliweka kiganja juu ya mfuko huo.

"Acha, Baba Niwaeli. Uzi ni wangu."

Sempoli aliurudisha uzi rafuni. Njiani mwalimu alianza kueleza kwamba pembe ya ile N ilikuwa imebadilika, kwamba mtu mwaminifu hawezi kuthibitisha kitu asichokiona. Namkunda alimsikiliza hadi kwenye daraja.

"Najua haikufanana," alisema. "Ungesema ni mimi."

Walifika nyumbani. Mwalimu alikwenda nyuma ya nyumba kurekebisha bomba lililokuwa linavuja. Namkunda alikaa mezani. Saa tisa mchana mwalimu alipoingia kunawa, alimkuta ameinamia meza, kalamu imeanguka sakafuni. Majirani walisaidia kumbeba hadi kwenye gari. Hospitalini, daktari aliuliza kama kuna dalili yoyote iliyoonekana tangu asubuhi, labda udhaifu wa mkono. Mwalimu alijibu kwamba ilionekana. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba saa zile za asubuhi zingesaidia. Hakulisema kwa kulaumu. Namkunda alifariki kabla jua halijazama.

Walimzika upande wa juu wa nyumba, karibu na migomba yake. Jioni ya maziko, mwalimu alipokuwa anapanga meza ili wageni wapate pa kuwekea vikombe, aliona ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, umegeuzwa upande mweupe. Namkunda alikuwa ameandika sahihi yake tangu juu hadi katikati. Zile za chini zilikuwa mistari tu, na mstari wa mwisho ulikuwa umetoka nje ya karatasi. Lakini ile ya kwanza kabisa, juu, ilikuwa nzima. Lango limesimama wima. Komeo limerudi mpaka mwanzo wa jina. Mtu yeyote angesema mkono ni wake.

Mwalimu alijua kuhesabu. Mbili za dukani, na hii moja. Ilikuwa ya tatu.

Siku ya kuanua matanga, Sempoli alikuja na kioo chake kikiwa kimefungwa kwenye leso. Alikiweka chini mbele ya wazee, akasema kwamba kwa miaka mingi alidhani anawajua watu, kumbe alikuwa anaujua wino. Alisema mama wa watu alisimama mbele yake akiumwa, mkono wake ukieleza ugonjwa kwa maandishi, naye akausoma kama wizi. Alisema hatautazama tena mkono wa mtu katika maisha yake, na kwamba kesho atalifungua lile sanduku la benki, anayetaka kuja na aje, asiyetaka atafute duka jingine.

Kulikuwa na mabishano, ya sauti ya chini kwa kuwa ni msiba. Mzee mmoja alisema sahihi mtu anazaliwa nayo mkononi, namba anaweza kuiiba yeyote. Nakiete alijibu kwamba ndiyo maana haitajwi kwa mtu, hata kwa mke, hata kwa mume. Mama mmoja aliuliza, mtu akifa na namba yake, nani ataijua? Nakiete alisema hakuna. Mama yule akasema basi hicho ni kitu kigumu, na Nakiete hakumpinga. Mwishowe watu walimgeukia mwalimu, kwa kuwa msiba ulikuwa wake.

"Namba haiugui," mwalimu alisema.

Kisha akaomba jambo moja: kwamba mashine hiyo impe kila mtu nafasi tatu. Mbili akasema hazitoshi. Hakueleza sababu, na ule ukurasa wa kalenda hakumwonyesha mtu. Nakiete aliliandika ombi hilo kwenye kijitabu chake, na baada ya hapo hakuna aliyebisha.

Kesho yake asubuhi mwalimu Mbonea alikuwa wa kwanza dukani. Wengine walikuwa nyuma yake, zaidi kwa kutaka kuona. Sempoli alikuwa ameweka mashine juu ya kaunta, mahali kioo kilipokuwa kinakaa. Nakiete alimweleza mwalimu achague tarakimu nne ambazo hatazisahau, akazipokea kwa mashine bila kuziona. Kisha mwalimu akaomba donge la uzi wa sufu, rangi ya damu ya mzee. Sempoli aliutoa rafuni. Ulikuwa uleule.

Wakati wa kulipa ulipofika, Sempoli alikumbuka ahadi yake. Aligeuza mwili mzima, akawa anatazama rafu za nyuzi, mgongo kwa mnunuzi. Waliokuwa foleni walimwona, nao wakageuza nyuso zao, mmoja mlangoni, mwingine kwenye mizani. Mwalimu alinyoosha mkono kubonyeza, na mkono ulitetemeka. Hakutaka mtu yeyote auone, na zaidi hakutaka Sempoli ageuke akauona. Akaufunika kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili alikosea tena. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyecheka. Mara ya tatu mashine ilikubali.

Na kuanzia asubuhi hiyo hadi leo, muuzaji hugeuza uso mnunuzi anapobonyeza, na aliye nyuma hutazama pembeni, na mwenye kadi hufunika mkono mmoja kwa mwingine. Siku hizi wanasema ni kwa ajili ya wezi. Wezi walikuja baadaye. Na mashine humpa mtu nafasi tatu, hata akiwa haijui kabisa namba hiyo. Kilichopotea ni yale maneno. Ukimaliza kulipa, mashine inatoa karatasi, na hakuna anayekwambia mkono ni wako. Kuna watu wazee ambao bado hujibu kwa sauti ndogo, "Ni wangu," ingawa hawajaulizwa. Mkimsikia mmoja, msimcheke.

Asubuhi ile mwalimu alirudi nyumbani na uzi, akauweka mezani upande wa kushoto, pale kikombe kilipokuwa kinakaa. Hakujua kufuma. Alilitoa lile sweta kwenye kikapu, akalivaa likiwa na mkono mmoja, akaketi. Namba aliyoichagua siwezi kuwatajia. Bado ninaitumia.