Mstari wa Pili wa Jiwe la Mama Namwaka

Fumbeni macho kidogo, wakubwa kwa wadogo, muione nami asubuhi hii.

Ni mji wa Lukwambe, pale barabara tatu zinapokutana. Watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Katikati yao kuna kitu kirefu kilichofunikwa shuka jeupe na kufungwa kamba ya katani. Kamba inavutwa. Shuka linaanguka. Bendi ya shule, iliyokwisha kuinua tarumbeta, haipigi. Hakuna kigelegele, hakuna hata kofi moja. Watu wameshika vinywa. Kisha mtoto aliyekaa mabegani mwa baba yake anauliza, na kwa kimya kile kila mtu anamsikia:

"Baba, mbona uso wake una mashimo?"

Sasa fumbueni. Ili mjue mashimo yale yalitoka wapi, sina budi kuwatambulisha kwenu watu watatu, na kila mmoja alichojaliwa.

Wa kwanza ni Fundi Chilumba, mchonga sanamu. Yeye alijaliwa jicho. Akikutazama ukipita na ndoo kichwani, anajua ni mguu upi umebeba uzito na ni bega lipi linauma. Kwa miaka arobaini alichonga sanamu saba zilizosimama katika miji ya mkoa ule: mkulima mbele ya soko la pamba, mjenzi wa reli na nyundo yake, askari watatu ambao hawakurudi. Maharusi hupigwa picha mbele ya sanamu hizo. Lakini jina la Chilumba halikuwepo hata kwenye moja. Desturi ya kule ni kwamba jiwe la chini ya sanamu lina mistari miwili tu. Wa kwanza ni jina la anayekumbukwa. Wa pili ni jina la mgeni rasmi aliyevuta kamba. Na wenyeji wana msemo: jiwe lenye majina mengi halina msomaji.

Siku moja Chilumba alimkuta mwalimu na wanafunzi wake mbele ya yule mjenzi wa reli. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, nani alimtengeneza?" Mwalimu akainama, akasoma mstari wa pili, akataja jina la mkubwa mmoja aliyewahi kupita pale kwa nusu saa. Chilumba alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwao, ameshika muhogo wa kuchoma. Muhogo hakuumaliza.

Wa pili ni Bi Asumini, msuka mikeka. Yeye alijaliwa vidole. Macho yake yalizimwa na ndui akiwa na miaka mitano, lakini mpe mkeka wowote ataushika na kukutajia aliyeusuka. Akikushika uso mara moja, hata ukirudi baada ya miaka kumi na ndevu zako, atakuita kwa jina.

Wa tatu ni Rehani, fundi wa kusubu, yaani kuyeyusha vyuma chakavu na kuvimimina viwe sufuria na miko. Yeye alijaliwa moto. Huutazama kama mama anavyoutazama uji: haondoi jicho. Kwa rangi ya ndimi zake tu, anajua madini yameiva au bado.

Basi, miaka hamsini na mitatu kabla ya asubuhi ile, ndui iliingia Lukwambe. Watoto walipoanza kufa, watu waliogopa hata kuwagusa walio wao. Muuguzi mmoja kijana, Namwaka, aliwakusanya wagonjwa wadogo ishirini na mmoja, akaingia nao katika ghala tupu la pamba, na mlango ukafungwa. Chakula kilisukumwa kupitia tundu la chini. Baada ya miezi miwili walitoka watoto kumi na saba wakiwa hai. Namwaka hakutoka. Alikufa siku ile ile kwa uchovu na homa, akazikwa na watu wa afya kutoka mbali, haraka, amefunikwa gubigubi. Hakuna mtu wa mjini aliyemwona tena.

Mji ulipoamua kumsimamishia sanamu ya shaba, mwenyekiti wa kamati, Mama Eusebia, alimwita Chilumba. Mzee alikubali, akaomba jambo moja.

"Mama, mikono yangu imeanza kutetemeka. Hii ndiyo ya mwisho. Safari hii mstari wa pili msimpe mvuta kamba. Mpeni aliyeifanya kazi."

Kamati ikaona ni haki. Mama Eusebia akasimama mbele ya mkutano wa hadhara na kuahidi: "Mstari wa pili ataandikwa yule ambaye, bila yeye, sanamu hii isingekuwapo." Kila mtu alidhani jambo hilo limekwisha.

Sasa sikilizeni alichofanya Chilumba. Kamati ilimtaka amchonge Namwaka amesimama wima na mkono juu, kama sanamu nyingine za mashujaa. Alikwenda kwenye lile ghala la zamani, akakaa siku nzima akifungua na kufunga mlango. Jioni akamwita Mama Eusebia.

"Komeo liko upande gani?"

"Ndani," mama akasema. Miaka yote ile mji ulisimulia kwamba Namwaka alifungiwa. Kumbe alijifungia mwenyewe.

Chilumba akarudi kwenye udongo wake wa mfinyanzi. Akamfinyanga mwanamke aliyeinama kidogo, mtoto kiunoni, na kiganja kimoja kikisukuma mlango ufunge. Ukiutazama mkono ule, unahisi uzito wa mlango. Uso aliutoa kwenye picha pekee iliyokuwepo, ya Namwaka akiwa mwanafunzi wa uuguzi, mashavu laini kama yai. Ilimchukua miezi mitatu. Watu walikuja kuchungulia, wakatoka wakifuta machozi.

Na sasa sikilizeni alichofanya Bi Asumini. Yeye alikuwa mmoja wa wale kumi na saba, lakini tangu utotoni yeye na wenzake waliambiwa wasiyazungumze mambo ya ghala, yataleta mkosi. Siku moja aliongozwa na mpwa wake mpaka karakana, alikokuwapo pia Mama Eusebia. Alimshika mtoto wa udongo, akatabasamu. Akaushika mkono unaosukuma mlango, akatikisa kichwa kukubali. Akafika usoni.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye Mama Namwaka, dada yangu," Chilumba akasema.

"Ni mzuri. Ila simjui."

Na kabla mtu hajamshika, Bi Asumini akazamisha kidole gumba katika shavu lile laini. Akabonyeza shimo. Akabonyeza la pili. La tatu.

"Wewe Asumini!" Mama Eusebia alipiga ukelele. "Una wazimu? Unaiharibu kazi ya miezi mitatu!"

"Naharibu uongo, Mama Eusebia. Nyie mlikuwa nje. Sisi tulikuwa ndani. Ndui ilimpata wiki ya tatu. Ikamwacha hai, ikamla uso. Mimi macho yangu yalikuwa yamekwisha kuzima, nikawa nalia kwamba nimeharibika. Akauchukua mkono wangu akauweka hapa, shavuni, akaniambia, 'Shika. Umeona? Nami ni hivi hivi, na bado nipo.'"

Mama Eusebia alitoka nje kwa hasira, akiamini kwamba fundi mwenye akili atalirekebisha shavu. Na kweli, Chilumba angeweza kulisawazisha kwa kidole kimoja chenye maji. Alisimama akautazama uso ule mzuri kuliko nyuso zote alizowahi kuzitoa udongoni, ukiwa na mashimo matatu. Akauliza taratibu:

"Na upande wa kushoto?"

"Kushoto zaidi."

Wakafanya kazi mpaka magharibi, yeye akionyesha kwa vidole, mzee akifuata nyuma.

Bado Rehani. Umbo lile lilihamishiwa kwenye nta, nta ikavikwa udongo, udongo ukachomwa, nta ikayeyuka na kutoka, na mahali pake pakabaki uwazi: hiyo ndiyo kalibu. Udongo wa kwanza ulikuwa umekwisha kuvunjwa. Nta haikuwepo tena. Namwaka wa Chilumba na Asumini alibaki kuwa nafasi tupu ndani ya kalibu yenye moto, na kalibu ikipoa kabla ya kumiminiwa shaba, hupasuka. Nafasi ilikuwa moja.

Mji ulikuwa umechanga shaba: vitasa, koki, masinia ya mabibi, na kufuli nyingi, nyingi sana. Rehani akawasha, akatazama rangi, akachungulia ndani ya chungu cha kuyeyushia, na uso ukamshuka. Zile kufuli! Zilikuwa za njano kwa nje tu, ndani ni chuma kitupu kisichoyeyuka kwa moto ule. Alizitoa kwa koleo moja moja. Shaba iliyobaki ingefika mabegani. Namwaka angezaliwa bila kichwa.

Ukutani kwa Rehani zilining'inia sufuria mama tisa za shaba alizorithi kwa baba yake. Hizo hazipikiwi. Hukandamizwa kwenye mchanga ili kuacha umbo, na kila sufuria iliyouzwa na ukoo ule ilizaliwa kutokana nazo. Rehani akazitungua.

"Baba Zubeda!" mkewe akamrukia mkono. "Ukizitia hizo, kesho utasubu kwa nini?"

"Kesho iko mbali, mama. Kalibu inapoa."

Akazitia zote tisa. Mkewe akaketi chini na kufunika uso kwa kanga. Shaba ikaiva, ikamiminwa, ikajaa mpaka ukingoni.

Hivyo ndivyo tunavyofika kwenye asubuhi ile ya shuka jeupe, na swali la yule mtoto.

Mama Eusebia aliinyakua maikrofoni. "Nani kafanya hivi? Nani kamtia mama yetu aibu mbele ya watu? Ajitokeze!"

"Ni mimi," Chilumba akasema. "Mkono uliochonga ni wangu."

"Mwacheni mzee wa watu," Bi Asumini akapaza sauti. "Vidole ni vyangu."

"Na mimi ningeweza kukataa kusubu," Rehani akasema. "Sikukataa. Kama ni kufungwa, nifungeni mimi."

Zogo likaanza. Ndipo mzee mmoja akapenya katikati ya watu. Ni Lihami, muuza ugoro, anayejulikana kwa utani na matusi yake madogo madogo. Siku hiyo hakutania. Alikuwa mmoja wa watoto wa ghala. Alikwenda mpaka kwenye sanamu, akanyanyua mkono, akakiweka kiganja chake juu ya shavu la shaba, kwenye mashimo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Wakatoka wengine watatu, wazee wote, mmoja kwa magongo. Hao ndio waliobaki, pamoja na Asumini. Kila mmoja aliweka mkono pale pale. Mji mzima ukatazama, na mshtuko wa kwanza ukageuka mshtuko mwingine: kwa miaka hamsini na mitatu walikuwa wamempenda mtu wasiyemjua. Mama Eusebia akaishusha maikrofoni, akapiga magoti mchangani, na vigelegele vikapasuka.

Vigelegele vilipotulia, mchonga mawe, aliyekuwa amechuchumaa na patasi yake kando ya jiwe, akauliza, "Mstari wa pili nichonge jina la nani?"

Ahadi ikasomwa tena: yule ambaye, bila yeye, sanamu isingekuwapo.

"Asumini!" wasuka mikeka wakapiga kelele. "Bila yeye mngesimamisha mrembo wa kalenda!"

"Bila Chilumba, huyo Asumini wenu angebonyeza nini? Hewa?"

"Na bila Rehani mngekuwa mnalivisha shimo shuka!"

"Waandikwe wote watatu!"

"Nafasi ni ya jina moja," mchonga mawe akasema. "Nikibana matatu, jiwe litapasuka."

"Basi mstari uachwe wazi."

"Usiachwe," Chilumba akasema upesi. "Mstari ulio wazi atakuja kuujaza mvuta kamba." Akavua kofia. "Jamani, sitawadanganya. Nimesimamisha saba, na watoto hawajui nilipata kuishi. Jina hilo nalitaka."

"Nami silikatai," Rehani akasema. "Wateja wameshahamia kwa wengine. Mwanangu akiniuliza sufuria za babu yake zilikwenda wapi, nataka nimwonyeshe mahali."

Bi Asumini akasema: "Kusoma sijui. Lakini herufi zilizochongwa naweza kuzishika. Mji huu huniita 'yule kipofu'. Ningependa kulishika jina langu, hata mara moja."

Mchonga mawe aliweka patasi juu ya jiwe, akainua nyundo, akawatazama watu.

Je, wewe uliyesikiliza mpaka hapa, ungemwambia achonge jina gani? Aliyeujua mkono wa Namwaka, aliyeujua uso wake, au aliyempa mwili? Jadilianeni. Bishaneni pia, mradi msigombane.

Ila nawaomba mkumbuke kitu kimoja mnapobishana: asubuhi ile, kabla sifa haijafika, ilitangulia lawama, na ilipouliza ni nani, hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyemnyooshea mwenzake kidole.