Vidole vya Wakesho

Tulieni niwape kesi. Mimi kazi yangu ni kusimulia. Mahakimu ni nyinyi.

Katika shule moja ya msingi huko juu kwenye milima ya Taita palikuwa na msichana wa gredi ya tano, jina lake Wakesho, ambaye vidole vyake havikujua kutulia. Akikaa, vilipiga dawati. Akisimama, vilipiga paja. Akipewa sahani ashike, sahani ililia.

Palikuwa na mwalimu wa kompyuta, Mwadime, mtu wa maneno machache, hodari wa kusema hapana na kutoiondoa. Palikuwa na shangazi yake Wakesho, Mghoi, fundi cherehani, aliyeweza kushona kitu chochote alichoelezwa hata kama hajawahi kukiona. Na palikuwa na Mkamburi, aliyekaa dawati moja na Wakesho, mwepesi wa kuchapa kuliko darasa zima. Akianza, ungedhani mvua imeshuka juu ya mabati.

Sasa sikilizeni yaliyowapata.

Kompyuta za shule hiyo hazikuwa mali ya shule. Shirika fulani lilikuwa limeziazima kwa sharti moja: mwisho wa mwaka angekuja mtathmini, angechagua mtoto yeyote, na mtoto huyo angechapa inavyotakiwa, kwa vidole vyote kumi, macho kwenye kioo wala si kwenye kibodi. Akishindwa, mashine zingepakiwa garini na kupelekwa shule nyingine.

Wakesho alichapa kwa vidole viwili tu, shingo imeinama kama kuku anayedonoa mtama. Lakini alidonoa kwa kasi! Nusu ya darasa ilibaki nyuma yake. Siku ya jaribio la kwanza alimaliza mapema, akaegemea kiti akisubiri kusifiwa. Mwalimu Mwadime akampa sufuri.

"Mwalimu, nimewatangulia wenzangu!"

"Nimeona."

"Na sijakosea hata neno moja!"

"Nimeona pia. Ulikuwa ukitazama wapi?"

"Kwenye herufi."

"Siku herufi hizo zikifutika utaandika nini? Anza upya."

Akakata katoni, akaiinamisha juu ya mikono ya msichana kama kibanda ili asione vitufe. Akamfundisha kupapasa vile vinundu viwili vidogo, kimoja kwenye F na kingine kwenye J, na kutoka hapo kukipa kila kidole makazi yake. Wakesho wa mbio akawa Wakesho wa kutambaa. Alilia, akamchukia mwalimu kwa moyo wote. Mwalimu mkuu naye akaja juu: "Mwadime, unatushushia alama kwa makusudi? Mpe mtoto haki yake." Mwadime alikaripiwa mbele ya walimu wenzake, na sufuri ikabaki sufuri.

Nyumbani hapakuwa na kompyuta. Wakesho alipiga vidole mezani, ukutani, kwenye kopo la maji, mpaka Shangazi Mghoi akasimamisha cherehani.

"Wewe mtoto, unanitoboa kichwa. Unapiga nini hivyo?"

"Naandika, shangazi. Lakini nikitoka shuleni nasahau herufi zinakaa wapi."

"Hebu nieleze hiyo kibodi ilivyo."

Wakesho akaeleza. Shangazi akachukua kipande cha turubai, akakishonea vifungo vya shati mstari kwa mstari, kila kimoja mahali pa herufi yake. Kwenye F na J akaweka vifungo vya koti, vinene, ili kidole kivitambue. Kila jioni alimtajia maneno huku akishona, na Wakesho aliyapiga kwenye vifungo macho yakiwa dirishani. Mghoi alijigawa hivyo mpaka siku moja akashona kola ya bibi harusi ndani nje. Mteja alichukua kitambaa chake akahamia kwa fundi mwingine, na wateja wengine wakamfuata.

Lakini kifungo hakibonyei wala hakijibu. Kibodi ya kweli inataka kuzoewa, na zile za shuleni zilikuwa zimechoka: herufi A, ambayo Kiswahili hakiendi bila yake, haikutokea mpaka kidole cha mwisho kiikandamize kwa nguvu. Mashine nzima zilikuwa chache, na zamu ya kila mtoto ilikwisha kabla hajapata joto. Mkamburi akaanza kuinuka zamu yake ilipofika.

"Kaa wewe," alimwambia Wakesho. "Mimi naijua tayari."

"Na wewe je?"

"Nimekwambia naijua. Kaa, dakika zinakwisha!"

Akafanya hivyo muhula mzima. Ilipofika siku ya kuteua mtoto wa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya kaunti, vidole vya Mkamburi vilikuwa vimepoa, na akateuliwa mwingine. Alimdanganya mama yake kwamba siku hiyo aliumwa tumbo.

Hatimaye mtathmini akafika, mama mmoja mrefu aliyeitwa Bi. Saru. Alipita kati ya madawati, akasimama mbele ya Wakesho ambaye vidole vyake vilikuwa vikipiga goti, akasema: "Wewe."

Darasa liliguna. Mwalimu mkuu alifumba macho.

Bi. Saru alitandaza leso juu ya mikono ya Wakesho na kusoma: "Watoto wa milimani wanateka maji asubuhi." Wakesho akaanza, na kwenye kioo kukatokea: *esyoyo*.

Wakesho akaacha kuchapa. Mkono wa kushoto ulikuwa umehama kitufe kimoja. Alitamani kuifunua leso achungulie, mara moja tu. Shingo ilianza kuinama, kisha ikakumbuka katoni, ikagoma. Kidole kikapapasa, kikakuta kinundu cha F, na vingine vikarudi kwenye makazi yao kama vilivyorudi kila jioni juu ya vifungo. Akafuta, akaanza tena. Kila A ilipokuja, kidole cha mwisho kiliikandamiza kwa nguvu, kwa namna ambayo mtu hawezi kuijua bila kukaa sana mbele ya mashine hiyohiyo. *Watoto wa milimani wanateka maji asubuhi.* Bi. Saru aliongeza sentensi, akaongeza nyingine, kisha akaondoa leso.

"Mashine zinabaki," alisema.

Kelele zilizopigwa zilifika mpaka kwenye mashamba ya kabeji. Zilipotulia, Bi. Saru alitoa kompyuta ndogo ya kupakata, mpya, ikiwa bado kwenye nailoni yake.

"Hii ni ya aliyemfundisha mtoto huyu. Nani?"

"Mwalimu Mwadime," alijibu mwalimu mkuu, yuleyule aliyemkaripia.

"Na mimi je?" Mkamburi alijikuta amesema kwa sauti. Mlangoni, Shangazi Mghoi, aliyekuwa amekuja kuleta sare za wanakwaya, alitazama pembeni, lakini watoto waliojua habari ya vifungo wakaanza kumnyooshea vidole.

Bi. Saru aliwatazama wote. "Anayejua ni mtoto mwenyewe. Wakesho, nenda mapumzikoni ufikirie. Kengele ikilia utaniambia jina moja. Moja tu."

Mapumziko yale hayakuwa na raha. Wakesho alizunguka uwanja, akazunguka maktaba, akarudi uwanjani. Darasani alimkuta Mwalimu Mwadime akifuta ubao ambao ulikuwa safi tayari.

"Mwalimu, nikutaje wewe?"

"Usiniulize mimi. Ukiniuliza nitasema ndiyo." Akaendelea kufuta. "Nina madarasa mengine huko chini ambayo bado yanadonoa."

Akatoka akiwa ameamua ni mwalimu. Hakufika mbali. Mkamburi alikuwa amesimama karibu na bomba, macho mekundu.

"Mwalimu analipwa kufundisha," Mkamburi alisema. "Mimi nililipwa nini? Muhula ujao mama ananihamishia Voi. Shule ya huko haina hata mashine moja. Nitasahau kila kitu, Wakesho."

"Hukuniambia kwamba unahama."

"Ningekwambia ungekubali kukaa kwenye kiti changu?"

Wakesho alitikisa kichwa. Akaamua ni Mkamburi, akaanza kukimbia kwenda kwa Bi. Saru, na njiani akampita shangazi yake akihesabu sare ambazo alikwisha kuzihesabu.

"Mwanangu, mimi usinitaje," Mghoi alisema kabla ya kuulizwa. "Sijui hata pa kuiwashia." Akakunja sketi moja, akaikunjua. "Ila wale mafundi wa Mwatate wanapokea kazi kwa kompyuta siku hizi, na wateja hawawakimbii. Ningejifunza. Kushona vile vifungo sikujua pia, nikajifunza."

"Shangazi, kwani mteja wako alirudi?"

"Hakurudi."

Wakesho alibaki katikati ya uwanja. Bila ile sufuri angechungulia chini ya leso. Bila vile vifungo vidole visingeijua njia ya kurudi. Bila kile kiti A zisingetokea, na sentensi ingekuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa chekechea. Aliondoa mmoja kichwani mwake, mashine zikapakiwa garini. Akamrudisha, akaondoa mwingine, zikapakiwa tena. Na hapo likamjia wazo lililomwaibisha: vidole si vyangu mimi? Aliyelia ni nani?

Kengele ikalia.

Shule nzima ilipanga mistari. Mwalimu Mwadime alisimama na walimu, mikono nyuma. Mkamburi alisimama kwenye mstari wa gredi ya tano akiuma ukosi wa sweta. Shangazi Mghoi alikuwa nje ya lango, nusu aondoke, nusu abaki. Wakesho alipanda jukwaani, na vidole vyake vilikuwa vikipiga hewa.

"Haya," Bi. Saru alisema, "tutajie jina."

Wakesho amefungua kinywa, ndugu zangu, na mimi hapo ndipo ninapomwacha. Mmoja alimnyima, mmoja alimshonea, mmoja alimpisha, na kila mmoja amebaki na hasara yake. Hebu mnong'onezeni nyinyi mlioketi hapa: amtaje nani? Na wawili watakaokosa, akiteremka pale jukwaani, awaambie nini?