Kadi za Fisi

—Paukwa!
—Pakawa!
—Filimbi ikilia?
—Wenye miguu wasimame!
—Na asiyesimama?
—Tusimulie!

Basi palikuwa na mechi ya bwawa. Timu itakayofungwa inahama, kiangazi chote hainywi maji pale. Upande mmoja wadogo, upande wa pili Fisi na wakubwa wenzake, katikati refa Kindi, kachoka hata mpira haujaanza. Maana Fisi hajawahi kuonywa na refa yeyote. Wa kwanza alitafuniwa filimbi, wa pili akatafunwa mkia, waliofuata wakawa wanatazama pembeni.

Fisi akampiga Digidigi teke, puu! Kindi akapuliza, priii! Mzee, taratibu. Fisi akacheka.

Fisi akampiga Kobe teke, puu! Kindi akapuliza, priii! Mzee, taratibu. Fisi akacheka tena.

Digidigi akawa anachechemea, na hasira zikampanda Kindi mpaka masikioni. Jamani, huyu aambiwe kwa lugha gani? Akimlima kadi, ataliwa yeye na kadi yake. Lakini hapo hapo akakumbuka: asiyewahi kupewa kadi atajuaje kadi ni nini?

Kobe akachelewa kurusha mpira, kama kawaida yake. Kindi akamwonyesha kadi ya njano, kisha akamnong'oneza ashangilie. Kobe akashangilia, polepole.

Fisi mate yakamtoka. "Kobe kapewa nini?"

"Kadi, mzee. Wewe huiwezi."

"Nani haiwezi? Nipe."

Kindi akampa ya njano, kwa teke la Digidigi. Fisi akafurahi, halafu akaudhika. Yaani yeye na Kobe walingane?

"Niongeze."

Akamwongeza ya njano ya pili, kwa teke la Kobe.

"Na hiyo nyekundu mfukoni?"

"Hiyo huja na ya pili, mzee. Ni haki yako."

Fisi akazunguka uwanja mzima akishangilia, mpaka wenzake walipomwonyesha njia ya kutokea. Akageuka meno nje. Kindi alikwisha kupanda juu ya goli, amekaa kwenye mtambaa wa panya.

"Umeomba mwenyewe, mzee. Wote wamesikia."

Wakubwa wakabaki pungufu, Digidigi akafunga, wadogo wakanywa maji.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu ichukueni, ikiwa chachu nirudishieni.

Na funzo lake, wanangu: mkubwa akikuonea, usimfanyie ujanja hata chembe. Mkanye kwa upole. Atakusikia tu.