Mtihani wa Mtondogoo

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe kwanza, maana hadithi hii nitaianza mimi lakini mtaimaliza nyinyi.

Katika mji wa Mikoroshini walikuwapo kina mama watatu vijana. Wote waliishia darasa la saba, na wote walitamani kuwa wakunga. Chausiku alikuwa na sikio la maneno: neno akilisikia, hujua maana yake na ya nduguye. Sikudhani alikuwa na kumbukumbu: jambo likisomwa mara moja, halimtoki. Mboni hakuwa na hili wala lile. Alikuwa mwenye haya, na sauti yake haikuvuka kizingiti cha mlango wake. Ila alichojua kuwa ni kweli, hakuweza kukimeza.

Mwaka huo chuo cha ukunga kiliupa mji wao nafasi moja. Moja tu, na kitanda kimoja bwenini. Kina mama walipoiomba, akatokea Bwana Kitwana, muuza kompyuta, akiwa na mashine yenye akili mnemba. Watu wakaiita Mnemba.

"Mtihani wa chuo?" akacheka. "Mnemba ataumaliza kabla chai haijachemka! Ya nini kumsomesha mtu? Nunueni mashine, muiweke zahanati."

Mkuu wa chuo, Bi Mwatumu, akasema, "Basi ufanywe mtihani mmoja, hadharani. Mashine ikishinda, nafasi naifuta, tununue mashine. Ikishindwa, nafasi ni ya yule aliyeishinda."

Bwana Kitwana akajipiga paja. "Waache wakae benchi moja wote watatu, watoe jibu moja! Vichwa vitatu vya darasa la saba havifikii kimoja cha Mnemba."

Siku ya mtihani uwanja wa shule ulijaa. Msimamizi akasoma masharti haraka haraka, watu wakipiga soga. Kisha maswali yakaanza. Mnemba alijibu kabla msomaji hajafunga mdomo. Kina mama walinong'onezana, wakaandika, wakafuta, wakaandika tena. Wakapata. Wakapata tena. Minong'ono ikapita uwanjani: "Jamani, hawa wanaweza!" Mpaka likabaki swali moja, na mashine na benchi walikuwa sawa.

"Swali la mwisho. Leo ni Jumatatu. Mkunga ameahidi kumtembelea mzazi mtondogoo. Atafika siku gani? A, Jumanne. B, Jumatano. C, Alhamisi. D, Jumamosi."

"C, Alhamisi," akasema Mnemba kwa sauti tamu. Bwana Kitwana akainua mikono juu.

Sikudhani naye alikuwa ameshaweka kalamu kwenye C. Chausiku akamshika mkono.

"Ngoja, shoga. Kesho Jumanne. Keshokutwa Jumatano. Mtondo ndiyo Alhamisi. Mtondogoo ni Ijumaa! Mashine imechanganya."

"Mbona Ijumaa haimo?" akauliza Sikudhani.

"Haimo. Basi tumekwisha."

Sikudhani akafumba macho. "Hatujaisha. Msimamizi alisoma hivi: 'Mtahiniwa akiona swali lina kosa, asimame aseme kabla ya kengele. Akiwa amekosea yeye, mtihani wake wote unafutwa.'" Uwanja mzima, hakuna mwingine aliyelikumbuka sharti hilo.

"Simama basi," akasema Chausiku.

"Mimi? Mama mkwe wangu yule pale mbele! Simama wewe."

"Na kama bibi yangu alinifundisha vibaya?"

Msimamizi akanyanyua kengele. Mboni akasimama, mtoto wake mgongoni.

"Keti, mama! Unatuaibisha!"

"Mwacheni, anatafuta choo!" Watu wakaangua kicheko.

"Swali lina kosa," akasema Mboni. Hakuna aliyesikia. Akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni akazinduka: "Swali lina kosa! Mtondogoo ni Ijumaa, na Ijumaa haimo!"

Bi Mwatumu akaichukua karatasi, akahesabu kwa vidole, akaigeukia mashine.

"Mnemba, ukianzia Jumatatu, mtondogoo ni siku gani?"

"Ni Ijumaa. Samahani kwa kosa langu."

"Mbona ulisema Alhamisi?"

"Niliambiwa nichague, nikachagua."

Loo! Vigelegele vilivyopigwa siku ile viliwatoa watu sokoni wakaja mbio. Khanga zikatandikwa chini, kina mama wakapitishwa juu yake kama maharusi. Mama mkwe wa Sikudhani ndiye aliyecheza kuliko wote.

Ngoma ilipotulia, Bi Mwatumu akauliza, "Nafasi ni ya aliyeishinda mashine. Ni nani?"

"Bila neno langu," akasema Chausiku, "tungeandika Alhamisi."

"Bila sharti langu," akasema Sikudhani, "neno lako lingefia benchini."

"Na bila miguu yangu," akasema Mboni, na safari hii walimsikia mpaka nyuma, "neno na sharti vingebaki vimekaa."

"Wapewe wote!" watu wakapiga kelele.

"Kitanda ni kimoja, na hakilaliwi mishikaki," akasema Bi Mwatumu.

"Basi aulizwe Mnemba!" akadakia Bwana Kitwana, aliyekuwa anatafuta pa kuficha uso. Mnemba akaulizwa. "Chausiku," akasema. Akaulizwa tena. "Mboni," akasema. Watu wakacheka hadi machozi: "Kaambiwa achague!"

Bi Mwatumu hakucheka. "Nataka jina moja, kutoka kwenu. Chuo kinafunguliwa mtondogoo."

Nanyi mnaonisikiliza, leo ni Jumatatu ile. A ni Chausiku, aliyelijua neno. B ni Sikudhani, aliyelikumbuka sharti. C ni Mboni, aliyesimama. Kengele imeshanyanyuliwa. Je, wewe ungeamua vipi? Au utasimama useme kwamba na swali hili lina kosa?