Ukuta wa Bi Hondo

Paukwa!

— Pakawa!

Nikianza?

— Tutasikiliza!

Nikinyamaza?

— Tutakuchokoza!

Haya. Hapo kale, wanyama waliposemezana bila mkalimani, palikuwa na Pelele, yule mnyama mdogo mnene asiye na mkia, akaaye juu ya miti. Pelele wetu alikuwa na ugonjwa mmoja: kutaka kujua. Akiona jani limekunjika, alilikunjua. Akisikia watu wananong'ona, masikio yalimsimama. Na akishajua, alisema.

Jirani yake alikuwa Bi Hondo, ndege hondohondo mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa chake. Bi Hondo hakuzoeleka. Ukimsalimu, aliitikia huku anatazama pembeni. Ukimsogelea, alihamia tawi la juu. Ngomani alikaa peke yake, akaondoka kabla ya chakula. Wanyama wakasema, "Anaringa."

Msimu mmoja akazidisha. Aliingia katika pango la mvule, akakandika mlango kwa tope kutoka ndani mpaka wote ukazibika, ukabaki ufa mwembamba tu. Kila asubuhi mumewe alileta makuyu yaliyoiva, akayapitisha kwenye ufa, akaenda zake.

"Mmeona?" akasema Tumbili. "Sasa hata hewa tunayovuta sisi haimfai!"

Pelele akashindwa kula. Mle ndani mna nini? Akapanda mvule, kwata, kwata, kwata.

"Hodi, Bi Hondo!"

"Nani?"

"Jirani yako Pelele."

"Sina mgeni, sina mazungumzo. Shuka."

Akashuka. Siku ya pili akapanda tena, kwata, kwata, kwata.

"Hodi, Bi Hondo!"

"Sina mgeni, sina mazungumzo. Shuka."

Akashuka. Siku ya tatu akajibiwa vilevile, ila safari hii alisikia kitu nyuma ya ukuta: vyii, vyii. Vifaranga!

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja yule mume hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu hakuja, na sauti za vifaranga zikawa nyembamba kama uzi. Bi Hondo hakumwita mtu.

Pelele akamwendea Tumbili. "Bi Hondo ana njaa. Twende tukamsaidie."

"Amekutuma?"

"Hajanituma."

"Basi mwache. Ana mabawa yake, si aruke akatafute?"

Swali hilo likamkaa Pelele kichwani. Kweli, kwa nini haruki? Akachuma makuyu, akajaza mashavu, akapanda.

"Hodi, Bi Hondo!"

"Sina mgeni," ikajibu sauti iliyokauka, "sina mazungumzo. Sh..." Neno likamshinda.

Pelele akatema makuyu kwenye ufa, moja, la pili, la tatu. Akasikia vifaranga wakiyagombania. Ndipo akauliza, polepole, "Mama, kwa nini huruki?"

 Sisimizi mmoja alipanda shina, akapita, akapotea.

"Nikikuambia, utacheka," akasema Bi Hondo.

"Sijui. Niambie kwanza."

"Sina manyoya. Nikiatamia, yote ya mabawa hunipukutika. Hapa nilipo niko uchi, kama kuku wa kupikwa. Mama yangu alinionya: wasikuzoee, maana wakikuzoea watapiga hodi siku ambayo huwezi kuruka. Ndiyo maana nikajiweka mbali na watu. Nikajiweka mbali hata siku nilizokuwa na manyoya."

Pelele hakucheka. Sasa alijua jambo ambalo msitu mzima haukulijua.

Aliposhuka, Tumbili alikuwa akimngoja. Kando yake alikuwapo Nguchiro, mla ndege, amejilaza kama asiyesikiliza.

"Umeona nini?" akauliza Tumbili.

Ulimi ukamwasha Pelele. "Tope."

"Na nyuma ya tope?"

Ulimi ukamwasha zaidi. "Tope."

"Acha mzaha! Wewe, urudi na tope tu?"

Akameza mate. "Tope zito sana, ndugu yangu. Hata jino halipenyi."

Nguchiro akapiga miayo, akainuka, akaenda kutafuta riziki kwingine.

Tangu hapo Pelele alipanda kila asubuhi na makuyu mashavuni. Mume hakurudi tena, na hakuna aliyejua yaliyompata. Siku moja ukuta ukalia ko, ko, ko! Tope likaanguka, akatoka Bi Hondo, vifaranga wakilia nyuma yake, akipepesa macho kwa mwanga. Wanyama wakajaa chini ya mti. Yeye hakuwatazama. Akamgeukia Pelele.

"Nilikufukuza. Kwa nini ulirudi?"

"Nilitaka kujua."

"Kujua nini?"

"Ulivyo."

 Mbele ya wote, Bi Hondo akakunjua bawa moja, lenye manyoya mapya mafupi, mengine yangali ndani ya vifuko vyake. Akalishusha mpaka karibu na pua ya Pelele.

"Basi tazama," akasema.

Pelele akatazama unyoya mmoja mmoja, wala Bi Hondo hakuhamia tawi la juu.

Ngano yangu imefika, niliyoibeba nimeitua. Inatufundisha hivi: aliyejitenga usimwite mringaji kabla hujajua anaogopa nini, na ukishajua, funga mdomo.

Mnaniuliza, kama Pelele alifunga mdomo, mimi siri hiyo nimeipata wapi? Aa! Sogezeni kuni hizo, moto unazimika.