Miiba Kwenye Bakuli la Kindi

Kaeni sawasawa, na wewe acha kumfinya mwenzako. Hapo kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika na kujuliana hali, Kindi alikaa juu ya mti wa mkuyu. Chini, kwenye mizizi, alikaa jirani yake Nungunungu, mzee mpole aliyemwangalizia watoto kila Kindi alipokwenda kutafuta chakula.

Mtawala wa nchi ile alikuwa Nyati. Siku moja Nyati akazungushia ua kisima cha watu wote, akasema ni chake. Wanyama wakainamisha macho. Nungunungu peke yake ndiye aliyesimama barazani.

"Bwana Mkubwa," akasema, "kisima hiki tulichimba sote."

Asubuhi yake akakamatwa. Fisi, mkuu wa gereza, akapita mitaani akitangaza kwamba Nungunungu kaiba mihogo ya Bwana Mkubwa.

Na watu wakaamini. Nungunungu na mihogo, nani asiyewajua? Hata Kindi aliamini, akaona haya kwa niaba ya jirani yake. Sheria ya nchi ile ilikuwa kwamba mwizi akirudisha alichoiba, anaachiwa siku hiyo hiyo. Basi Kindi akang'oa mihogo ya shambani kwake, akaipeleka gerezani.

Fisi akaitafuna yote pale pale mlangoni, kwacha, kwacha. "Rudi kesho," akasema.

"Na jirani yangu je, Afande?"

"Mama, nimesema rudi kesho."

Kesho yake Kindi akarudi na bakuli la viazi, kalifunika kwa kawa. Fisi akaonja mpaka nusu, kilichobaki akampelekea mfungwa, kisha akamrudishia Kindi bakuli lake.

Sasa, ada yetu mnaijua. Chombo cha jirani humrudishii kitupu. Unatia chochote, hata ndimu moja. Na kilichomo ni cha majirani wawili hao, mtu mwingine hafunui. Fisi alikuwa mlafi, alikuwa mkatili, lakini mama yake alimfunza adabu hiyo moja ikamkaa. Hakufunua kawa.

Kindi alifunua alipofika nyumbani. Bakuli likamponyoka, pu!

Ndani mlikuwa na mwiba wa Nungunungu. Mwiba unaodondoka wenyewe shina lake huwa kavu. Shina la huu lilikuwa bichi, lina damu. Uling'olewa. Kindi akakaa chini. Mihogo gani hiyo, akajiuliza, ya kumng'olea mzee wa watu miiba?

Akauchukua ule mwiba, akautia alama kwa meno: siku ya kwanza. Kesho yake bakuli likarudi na mwingine. Kesho kutwa, mwingine. Kila mmoja akautia alama ya siku yake, akauficha ndani ya pango la mti. Alijua kwamba nungunungu asiye na miiba hafiki mbali. Chui akimwona tu, basi tena. Na kwa kila mmoja uliomfikia, mingi zaidi iling'olewa; miiba ya jirani yake ilikuwa inakwisha.

Ikafika siku ya arobaini na moja. Siku hiyo akaja Bibi Twiga, ambaye nchi za jirani zilimtuma kila kiangazi kukagua magereza. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Nyati, una mtu uliyemfunga kwa sababu ya maneno yake?"

"Mimi? Hata mmoja," Nyati akajibu mbele ya baraza zima. "Nina wezi tu, Bibi. Muulize Fisi."

Kindi akajitokeza, kapu la mihogo kichwani, bakuli mkononi. Akapiga magoti.

"Bwana Mkubwa, mwizi ni jirani yangu na aibu ni yangu. Afande Fisi, aliiba mihogo mingapi?"

Fisi akakuna kichwa. "Kumi."

"Hii hapa ishirini. Aachiwe?"

"Haitoshi."

"Niongeze iwe hamsini? Nisaidie mimi mjinga, Afande. Kazi hii hakuna anayeijua kama wewe."

Sifa zikampanda Fisi kichwani, akatunisha kifua. "Hata ulete shamba zima, hatoki. Atatoka siku atakayosema hadharani kwamba kisima ni cha Bwana Mkubwa. Kila asubuhi namuuliza, kila asubuhi anakataa, na kila asubuhi nam..."

Nyati akakohoa. Fisi akafumba mdomo, lakini alikuwa ameshachelewa.

"Kila asubuhi unamfanya nini?" Kindi akauliza taratibu.

Akafunua kawa, akamwaga bakuli chini. Miiba arobaini na mmoja ikatawanyika, chwaa, kila mmoja na alama ya siku yake, kila mmoja na damu kwenye shina.

Swala mmoja akamfunika mwanawe macho. Jamani, hata mimi niliposimuliwa mara ya kwanza nilishika kichwa. Wale watu walipita mbele ya gereza lile kila siku, wakienda sokoni, wakisema mwizi anastahili kufungwa.

Bibi Twiga akainamisha ile shingo mpaka chini, akaunusa mwiba mmoja.

"Mwizi hutolewa kwa mihogo," akasema. "Huyu mnautaka ulimi wake. Mfungueni."

Nungunungu akatoka polepole. Ngozi yake ilikuwa tupu, vidonda vitupu, na mkiani umebaki mwiba mmoja.

"Sikujua mimi," Nyati akasema.

Mzee akaenda moja kwa moja kisimani, akaupita ua, akanywa mpaka akatosheka. Ndipo akageuka. "Tulichimba sote," akasema.

Nyuma yake wanyama walikuwa wanakimbilia majumbani. Mke wa Kobe alifuata jembe ambalo mumewe alifungwa kwamba, eti, aliliiba. Mama Kanga alifuata mtama wa kumtoa mfungwa wake. Kila mmoja alitaka kumuuliza Fisi swali lile lile la Kindi: aachiwe?

Mimi nawaachia hapo kisimani, wanangu: mkisikia mtu kafungwa kwa wizi, ulizeni kwanza kama akirudisha alichoiba ataachiwa.