Mkwiro Mmoja, Miguu ya Watu Wanne

Hapo zamani, zamani ya juzi tu maana simu zilishafika, palikuwa na ukoo uliolinda mto. Gogo lilisimikwa majini, limechongwa alama saba. Maji yakifika alama ya tano, mtu wa ukoo hupiga ngoma, na kijiji hukimbilia mlimani. Ngoma ilikuwa na mkwiro mmoja, kijiti cha kuipigia, na mwiko mmoja: ukishaukabidhi mkwiro kwa mwingine, hupigi tena mpaka ufe.

Mzee Komora aliipiga miaka arobaini. Alipochoka, Hawaye, mjane wa mwanawe, akamwambia, "Baba, mpe Habona."

"Binti yako? Msichana?"

"Nani mwingine anazijua alama? Si umemfundisha mwenyewe tangu ana meno ya utoto?"

Habona akakabidhiwa. Akaenda shule na alama saba kichwani, akarudi na wazo la mashine. Kijiji kikamsaidia: huyu katoa redio mbovu, yule dumu, yule waya. Jirani yao Jillo akatoa betri ya trekta lake bovu. Mashine ikafungwa kwenye gogo. Maji yakipanda, simu zote zinalia. Watu wakaiita ngoma ya Habona.

Chuo cha mjini kikamwita akaieleze. Akabeba picha za mashine, na mkwiro.

"Mkwiro wa nini?" mama yake akauliza.

"Wajue nimetoka wapi, mama."

Siku ya tatu jua liliwaka kijijini, mvua ikanyesha mbali milimani. Hawaye alikuwa na nguo za wiki nzima za kufua. Kitindamimba wake, Hamesa, wa miaka saba, akauliza, "Mama, nikaoshe vyombo mtoni?"

Hawaye akatazama simu. Kimya. "Nenda. Usicheze."

Sufuria ilipatikana siku ile ile. Hamesa alipatikana kesho yake, kwenye migomba.

Sasa, ukoo ule ulikuwa na desturi. Mto ukiua, mfiwa huuweka mkwiro miguuni pa mwenye kosa, naye huhama, harudi. Kaburi halifukiwi mpaka mkwiro umewekwa.

Pale kaburini Jillo akasema, "Betri niliichomoa mimi. Harusi ya binti yangu, kipaza sauti kimezima, wageni wamekaa. Nikasema kesho nairudisha. Betri ni yangu, Mama Habona. Mtoto alikuwa wako."

Habona akasema, "Mashine ikizimika, simu yangu huniambia. Iliniambia. Nilikuwa nimesimama mbele za watu, wananipigia makofi. Nikasema nikimaliza nitapiga nyumbani. Na mkwiro nilikuwa nao mimi."

"Mashine, mashine!" mwanamke mmoja akafoka kutoka nyuma. "Ngoma ya babu yenu ilitaka betri lini?"

"Na wewe redio yako si ulitoa?" akajibiwa.

Mzee Komora akasema polepole, "Mimi niliyaona maji. Ya nne, ya tano, ya sita. Ngoma ilikuwa mbele yangu. Mchi wa kutwangia ungetosha kuipiga. Nikaogopa mwiko. Nikaita kwa mdomo, na sauti yangu mnajua ilivyokwisha."

Wakamgeukia Hawaye. Alikuwa anasikia maneno yake mwenyewe: mpe Habona. Na lile moja: nenda.

Habona akampa mama yake mkwiro kwa mikono miwili. Hawaye akaupokea, akainama. Mbele yake palikuwa na viatu vya Jillo, vile vile vya harusi. Palikuwa na viatu vya Habona, bado vina vumbi la mjini. Palikuwa na miguu ya mzee, mitupu. Na chini yake kabisa palikuwa na miguu yake mwenyewe, ina tope la mtoni.

Wachimbaji walikuwa wamesimama na majembe, wanangoja. Jua linapanda, na jeneza lilikuwa fupi.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msiseme mmechoka. Yeye pia alichoka. Semeni: je, ule mkwiro ulistahili kuwekwa miguuni pa nani?